Raketi au Bati?

Mwezi huu tuyaweke pembeni mambo ya simu za usiku wa manane na mawifi wakorofi. Kuna kitu kinachoweza kuwagombanisha wanandoa wanaopendana, wenye mishahara yao miwili na kitanda chao kimoja, kuliko hata nyumba ndogo. Nacho ni mtoto mwenye kipaji.

Usicheke. Mtoto wa kawaida hana gharama ya mawazo. Mnamnunulia sare na madaftari, anakwenda shule, anarudi, anagombana na mdogo wake, siku inakwisha. Ngoma inaanza pale mtu anayejua mambo anapowaambia kwamba huyu mtoto ana kitu. Kuanzia hapo, kila shilingi mnayoitumia kwa jambo lingine mnaona kama mmemwibia mtoto.

Kwetu maneno hayo yaliingia Januari. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 10, alikwenda Dar es Salaam likizo ya Desemba kwa mdogo wangu. Mdogo wangu ana jirani anayewapeleka wanawe kujifunza tenisi, akawa anamchukua na wa kwetu ili nyumba ipumue. Baada ya wiki tatu kocha akataka kuongea na wazazi. Akasema mtoto anauona mpira mapema, mkono wake mwepesi, na miguu haichoki. Eti miguu! Mtoto aliyekulia kwenye kuchota maji na kufukuza mbuzi, miguu itachokaje? Basi bwana, kocha akamalizia kwa kusema kwamba kama tuko siriasi, ahamie Dar mwaka huuhuu.

Kwa msomaji wa Masaki ambaye hajawahi kupita huku: sisi tunaishi Migato, kata iliyo wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Wilaya na mkoa vyote vilizaliwa mwaka 2012; kabla ya hapo tulikuwa Bariadi, Shinyanga. Huku ni pamba, mtama, ng'ombe, na ile mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunasa matairi masika. Mimi nashika hesabu za AMCOS, ambako wakulima wanaleta pamba yao. Mwenzangu anafundisha sekondari. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba mwanao anacheza tenisi, anadhani unaongelea ile ya mezani.

Tuna nyumba tunajenga Bariadi mjini. Imefika kwenye linta, na pesa ya bati iko benki. Siku ile, baada ya simu kukatika, mwenzangu alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia, "Mama watoto, bati linaweza kusubiri."

Nikamjibu, "Na kuvunja ungo je, kutasubiri?"

Hapo ndipo tuliponuniana siku nne. Yeye alidhani nagombania bati. Kumbe mimi bati nilikuwa nimeshalisahau. Nilikuwa nawaza mtoto wa kike wa miaka 10, basi la siku nzima na zaidi kutoka kwa mama yake, siku atakapoamka na damu kwenye shuka atamwambia nani. Pesa tunaweza kuihesabu, ndiyo kazi yangu. Lakini miaka ya mtoto kukua mbali na macho yako inahesabiwa kwa kikokotoo gani?

Tulipoanza kuongea tena, tukakubaliana jambo moja: kabla ya kubishana tusome. Yeye asome habari za pesa, mimi nisome habari za watoto waliopita njia hiyo. Nawapeni tuliyoyakuta, maana najua wako wengi wenye mtoto wa mpira, wa kuogelea, wa kuimba, na ugomvi ni uleule.

Nianze na pesa, niimalize haraka. Baba watoto alikuja na karatasi yenye furaha: Wimbledon ya mwaka 2025, mchezaji aliyefungwa mechi ya kwanza kabisa kwenye droo kuu ya mmoja mmoja aliondoka na pauni 66,000. Kufungwa tu! Nikamwambia geuza karatasi. Droo hiyo ina watu 128 kwa wanawake na 128 kwa wanaume, dunia nzima. Chini yake kuna ngazi za mashindano ya kulipwa, na ngazi ya chini ya wanawake zawadi yote kwa pamoja ni dola 15,000, wanagawana washiriki wote, halafu kila mmoja anajilipia nauli, hoteli na kocha. Na chini ya hapo tena ndipo wanapocheza vijana wa miaka 13 hadi 18, kwenye mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Hao hawalipwi hata senti. Wanatafuta pointi, na pointi hazipatikani nyumbani, zinatafutwa kwa pasipoti.

Ongeza nyuzi za raketi. Wenyewe wana kanuni kwamba mara unazocheza kwa wiki ndizo mara unazopaswa kubadilisha nyuzi kwa mwaka. Ongeza viatu, ambavyo uwanja wa sementi unavila kama nzige. Ongeza raketi yenyewe: mtoto wa miaka 10 anatumia ya inchi 25 au 26, mwaka kesho kutwa anahitaji ya inchi 27 ya watu wazima. Nilipomaliza kujumlisha, mwenzangu aliikunja karatasi yake akaiweka mfukoni. Kama mnamkuza mtoto awe mchezaji ili aje kuwarudishia pesa, kanunueni mbuzi. Mbuzi anazaa.

Sasa tuje kwenye watoto wenyewe. Hapa nilikesha.

Jina la kwanza nililokutana nalo ni la jirani zetu, Angella Okutoyi wa Kenya. Alizaliwa Nairobi Januari 2004, pacha, na mama yao alifariki katika uzazi huo. Yeye na pacha wake Roselida walilelewa na bibi yao, Mary Ndonda, aliyekuwa mfanya usafi shuleni. Mjomba wao alikuwa mtu wa tenisi, Angella akashika raketi akiwa na miaka minne. Hakuna baba tajiri hapo, hakuna mama wa mishahara miwili. Kuna bibi mwenye ufagio.

Alipokuwa na miaka kama 10, mtoto huyo aliondoka Nairobi kwenda Bujumbura, Burundi, kwenye kituo cha ITF cha vijana wa Afrika Mashariki. Baadaye akafika mpaka kituo cha Casablanca, Morocco. Nilipofika kwenye mstari huo niliweka simu chini. Miaka 10. Umri wa huyu aliyelala chumba cha pili akiwa amekumbatia mto.

Matokeo yake mnaweza kuwa mmeyasikia. Januari 2022, Australia, alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi kwenye Grand Slam ya vijana. Julai mwaka huohuo, Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp wakachukua ubingwa wa wasichana wa wawili wawili. Fainali ilikwenda 3-6, 6-4, 11-9. Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, akachukua dhahabu ya mmoja mmoja.

Nikamsomea mwenzangu, macho yakamng'aa. Nikamwambia subiri, soma na huu. Dhahabu ile ya Accra ilimfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, lakini kwa sharti awe ndani ya wachezaji 400 bora wa dunia. Hakufika, na Paris hakucheza. Bingwa wa Afrika! Wakati huo alikuwa ameshajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, anasoma na kuchezea timu ya chuo. Mwenzangu akasema, "Kwa hiyo alishindwa?" Nikamuuliza, mjukuu wa mfanya usafi akipata digrii Marekani kwa sababu ya raketi, hapo kashindwa nini? Ninyi wanaume mna tatizo la kuhesabu vikombe tu.

Na hili la chuo wazazi wengi hawalijui. Kwa miaka mingi, timu ya wanawake ya tenisi ya daraja la kwanza katika vyuo vya Marekani iliruhusiwa kugawa ufadhili kamili 8, wakati ya wanaume ilikuwa na 4 na nusu. Kanuni hizo zimebadilishwa hivi karibuni, lakini njia haijafungwa, na masharti yake ni kwamba cheti cha sekondari kiwe kizuri. Paul Wekesa wa Kenya, aliyefika nafasi ya 100 ya dunia mwaka 1995, naye alipita chuo cha Marekani. Kwa hiyo anayekwambia mtoto aache shule ili acheze, huyo anamfungia mtoto mlango ambao ndio mkubwa kuliko yote.

Kuna kitu kingine kwenye ile fainali ya 2022. Upande wa pili wa neti, walioshindwa, walikuwa Wakanada wawili, na mmoja alikuwa Victoria Mboko, mwenye miaka 15. Wazazi wake ni Wakongo waliohama. Ni kitinda mimba wa watoto wanne, na kaka zake na dada yake walicheza tenisi kabla yake. Agosti 2025, Montreal, kabla hajatimiza miaka 19, alichukua ubingwa wa mashindano makubwa ya Kanada baada ya kuwapita mabingwa wanne wa Grand Slam, na fainali akamfunga Naomi Osaka, 2-6, 6-4, 6-1.

Watoto wawili wenye damu ya huku kwetu, neti moja, siku moja, na aliyeshinda siku ile ni wa Nairobi. Sisemi nani ana kipaji zaidi, mimi ni mtu wa hesabu za pamba. Nasema Mboko alirudi kwenye nchi yenye viwanja vya ndani, mashindano ya kila ngazi na fedha za chama chake, na nyumbani kwake kuna ndugu watatu wa kupiga nao mpira. Okutoyi ilibidi aende alikokuwapo mpira: Bujumbura, Casablanca, Auburn. Alilipa kwa kuwa mbali. Mtoto wa Migato naye, tukisema twende mpaka mwisho, hana sarafu nyingine ya kulipia.

Ndiyo maana nilitaka kujua je, ni lazima? Nikasoma habari za wakubwa.

Rafael Nadal alipokuwa na miaka 14, wakubwa wa tenisi ya Hispania walitaka ahamie Barcelona kwa ufadhili. Wazazi wakakataa. Akabaki mjini kwao Manacor, kisiwani, akifundishwa na baba yake mdogo, Toni. Mwenzangu alifurahi, akaniambia, "Unaona? Anaweza kubaki!" Akasahau kwamba Manacor kuna viwanja, kuna baba mdogo kocha, na Barcelona ni kuruka na ndege asubuhi na kurudi jioni. Migato si Manacor, tusidanganyane.

Roger Federer, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Afrika Kusini, aliondoka. Mwaka 1995, ana miaka 14, akaenda kituo cha taifa cha Ecublens, upande wa Uswisi unaoongea Kifaransa, na yeye Kifaransa hakijui. Alilia sana miezi ya mwanzo, Jumapili jioni kurudi kule ilikuwa msiba. Lakini kilichonigusa si machozi. Wazo la kwenda lilikuwa lake. Wazazi walikuja kulikuta kwenye gazeti, kwamba mtoto wao amesema anataka kwenda Ecublens, na wao hawana habari.

Hapo kichwa changu kikatulia kidogo. Mmoja alibaki, mwingine akaondoka, na wote wakawa mabingwa. Wasichana ninaotaka kuwataja sasa wazazi walikuwa nao palepale, kila siku, na bado mambo yaliharibika. Jennifer Capriati wa Marekani aliingia kwenye tenisi ya kulipwa Machi 1990, hajatimiza hata miaka 14. Mwaka uleule akafika nusu fainali Paris, na mwaka 1992 akachukua dhahabu ya Olimpiki. Mwishoni mwa 1993 akaacha. 1994, ana miaka 18, polisi wakamkamata kwa bangi. Alirudi, na mwaka 2001 alishinda Australia na Paris, lakini kati hapo ujana wake wote ulikuwa umekwenda. Chama cha wanawake, WTA, kiliweka kanuni ya umri mwaka 1995: chini ya miaka 14 hakuna mashindano ya kulipwa, na kuanzia 14 unapimiwa idadi ya mashindano kwa mwaka mpaka utimize 18. Na Mary Pierce wa Ufaransa? Baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake, alikuwa anafoka jukwaani mpaka WTA ikampiga marufuku viwanjani mwaka 1993. Mwaka 1995 binti akachukua ubingwa wa Australia. Akina baba wa jukwaani, someni hapo mara mbili.

Na kuna jambo ambalo wazazi tunaona aibu kulisema, hivyo nalisema mimi. Mtoto wa kike, kocha mwanaume, safari, hoteli. Ufaransa kuna kocha aliyesifika sana, Régis de Camaret, mwaka 2012 alihukumiwa kwa kuwabaka wanafunzi wake wawili walipokuwa wadogo. Alikata rufaa, na mwaka 2014 kifungo kikapanda hadi miaka 10. Wazazi wa wale wasichana walimwamini, kama mimi na wewe tunavyomwamini mtu anayetuambia mtoto ana kipaji. Kwa hiyo, sheria yetu ya kwanza haikuhusu raketi. Hakuna mazoezi ya watu wawili mahali pasipo na watu, hakuna safari bila mwanamke wa kwetu, na hakuna "siri ya kocha na mchezaji". Binti tumemwambia waziwazi, kwa maneno ya Kiswahili yasiyo na mafumbo, sehemu gani za mwili wake si za kocha. Mwenzangu alitoka nje nilipokuwa namwambia. Nikamrudisha ndani akae asikie.

Aliyetushangaza ni mama mkwe. Nilijua atasema mtoto wa kike hatumwi mbali kupiga mipira, nikajua hoja itakufa hapo. Nilipomsimulia habari za yule bibi wa Nairobi na ufagio wake, akauliza swali moja tu: "Huyo mtoto alilia kuondoka, au alilia kubaki?" Nikasema, mama, hiyo haijaandikwa. Akasema, "Basi wa kwenu mmemuuliza?"

Hatukuwa tumemuuliza. Wiki tatu za kusoma, kununiana, kupiga hesabu mpaka usiku wa manane, na mwenye mguu wake yuko chumba cha pili. Kesho yake tukamuuliza. Akasema anapenda kupiga mpira, anapenda kwa mama mdogo, lakini hataki kuhama, anataka kwenda likizo. Halafu akauliza kama anaweza kupata ukuta.

Ukuta! Mwenzangu aliyekuwa ameshafika Wimbledon kichwani akabaki ameshika kidevu. Lakini nawaambia, jibu hilo lilitupatanisha kuliko mshenga yeyote. Kwa mtoto wa miaka 10 ukuta ni kitu kikubwa: haukosei, hauchoki, haudai nauli. Na kumbe hata dunia yenyewe ya tenisi haiwaharakishi watoto wa umri huo kuingia kwenye mchezo wa watu wazima. Tangu mwaka 2012, kanuni za ITF zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yachezwe na mipira ya pole, ile yenye rangi nyekundu, ya machungwa au ya kijani, na ile nyekundu na ya machungwa huchezwa kwenye viwanja vifupi zaidi. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77, ule wa mpira wa rangi ya machungwa ni mita 18 tu. Mita 18 hata nyuma ya nyumba yetu zipo.

Mwenzangu ndiye aliyelikamata hilo. Mbuga nyeusi haifai, inapasuka, na mvua moja ukikanyaga unabaki na kiatu kimoja. Akaenda kubomoa kichuguu kule shambani, akaleta udongo kwa mkokoteni wa ng'ombe mara sijui ngapi, ule ule ambao bibi zetu walikandikia sakafu, akaumwagia maji na kuushindilia kwa pipa lililojaa mawe. Mwenyewe anajigamba kwamba ni uwanja wa udongo kama wa Paris. Neti ni wavu wa mvuvi kutoka Lamadi, umekatwa na kushonwa upya. Ukuta ni wa stoo ya jirani. Tumekubaliana tutaupaka chokaa kila baada ya masika. Watoto wa mtaa wanajaa, wanatumia mbao zilizochongwa kama raketi, na binti yetu anawapangia zamu kwa ukali wa mwenyekiti wa kijiji.

Kuhusu muda tumefuata ushauri wa madaktari wa michezo wa Marekani, ambao wanasema saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Ana miaka 10, basi saa 10 ndiyo dari, na sisi hatufiki hata nusu. Zinazobaki acheze rede na mpira wa miguu na wenzake. Nadal na Federer walicheza sana mpira wa miguu kabla ya kuchagua raketi, kwa hiyo sioni haraka iko wapi. Kocha wa Dar hakupenda. Alisema tunachelewesha mtoto. Inawezekana anasema kweli. Tenisi haimsubiri mtu, na tunajua kwamba kila mwaka anaobaki huku, kuna mtoto Nairobi au Casablanca anayempita. Hilo tumelikubali kwa macho makavu, wote wawili, ili asije mmoja akamwambia mwenzake baadaye, "Wewe ndiye uliyemharibia."

Na hapa, wapendwa mlio kwenye ndoa, ndipo nilipotaka tufike. Sisi tumeandika. Ndiyo, kwenye daftari, kama AMCOS. Tumeandika kwamba akifika miaka 12, kama bado anataka, na akiomba mwenyewe kuondoka, hatutamzuia, na mimi sitatumia machozi. Hilo lilikuwa gumu kwangu, nilishika kalamu muda mrefu. Yeye naye ameandika kwamba akitaka kuacha, hata siku moja baada ya kununua raketi mpya, hatamwambia habari za gharama. Lilimchoma. Tumeandika kwamba ada ya mdogo wake haiguswi kwa ajili ya nauli ya dada, maana wadogo wa nyota wanajua kuhesabu, na hawasahau. Tumeandika kiasi cha juu cha mwaka, kwa shilingi, na kwamba hatukopi kwa ajili ya tenisi. Akipatikana wa kumsaidia kama ITF ilivyomsaidia yule wa Nairobi, vizuri. Asipopatikana, tutakuwa na binti anayejua kupiga mpira na aliyemaliza shule.

Likizo ya Juni atakwenda Dar. Mdogo wangu atakuwa anakaa kando ya uwanja na kitambaa chake cha kufuma, kocha apende asipende. Raketi ya inchi 25 tumenunua, ya mtumba, tumebadilisha nyuzi. Bati tumenunua nusu, upande wa vyumba vya kulala. Sebule inangoja pamba iuzwe.